Damu Kwenye Kitambaa cha Kikombe

Divai na damu hazifanani mbele ya sabuni. Mtu asiyefua atakuambia yote ni madoa mekundu tu. Lakini Ajwang, ambaye alikuwa akifua vitambaa vya meza ya Bwana tangu mumewe azikwe, alijua kwamba divai ikionja sabuni ya mche hugeuka rangi ya bilinganya, kisha huondoka taratibu kama mgeni mwenye adabu. Damu haina adabu hiyo. Huwa kahawia, hukaa, na ukiitia maji ya moto ndiyo kwanza inajikita kwenye uzi kama kupe kwenye sikio la mbuzi.

Kwa hiyo siku aliyoiona alama ile kwenye kitambaa cha kikombe hakumwita mtu. Alisimama nyuma ya kanisa, kwenye kivuli chembamba cha tangi la maji, akaimwagia maji baridi na chumvi, akangoja. Ikalegea. Maji yale ya kwanza akayamwaga mchangani kama walivyomfundisha kina mama waliomtangulia, maana maji yaliyogusa kikombe hayamwagwi kwenye mtaro. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, kuna mtu hapa ana kitu anakificha."

Hapo Lodwar kasisi alikuja mara moja kwa mwezi, na siku hiyo ndiyo watu walipokea meza. Barasa, msomaji wa kanisa, ndiye aliyeshika kikombe. Kila mtu akishanywa, Barasa hufuta ukingo, na baada ya watu wachache hugeuza kitambaa apate mkunjo safi. Mikunjo hiyo aliikunja Ajwang mwenyewe kwa pasi ya makaa. Wanawake walipiga magoti kuanzia mkono wa kushoto, wanaume wakamalizia kulia, na kikombe kilipita kwa mstari huohuo. Ukikikunjua kitambaa baada ya ibada, kinakusimulia mstari mzima, nani alikunywa mwanzo na nani mwisho. Alama ilikuwa mkunjo wa katikati. Na pale katikati, mwisho wa wanawake, hupiga magoti msichana mmoja tu, siku zote yuleyule.

Sylviane.

Sylviane alikuwa Mkongo wa Uvira aliyekulia kambini Kakuma. Alikuja Lodwar kwa kibali, kujifunza ushonaji katika darasa lililofunguliwa na kanisa. Mpole, mwembamba, macho chini. Levis, mtoto wa pekee wa Ajwang, fundi wa pikipiki karibu na stendi, alikuwa amekwisha kusema mbele ya wazee kwamba huyo ndiye. Kanisa lote lilijua. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumsogeza Levis alipopiga magoti mwanzo wa wanaume, bega kwa bega na mwisho wa wanawake.

Ajwang hakuwa amekataa. Alikuwa anatazama tu. Mjane anayeuza vitunguu na nyanya za Kitale kwa miaka hujifunza kutazama. Nyanya iliyooza haiozi upande unaoonyeshwa mteja.

Na mambo ya kutazama yalikuwepo. Tangu msichana huyu aingie, Levis alikuwa amebadilika. Nyama ya mbuzi, aliyokuwa akiigombania tangu utoto, sasa aliisukuma kando ya sahani. Githeri aliinywa mchuzi akaacha mahindi na maharage. Akizungumza aliweka mkono mdomoni. Na kutwa alimung'unya pipi za mnanaa.

"Levis, mbona nyama umeiacha?"

"Nimeshiba, mathe."

"Umeshibia wapi? Asubuhi ulikunywa chai tupu."

"Ai, mathe. Maswali kama ya polisi wa barabarani."

"Polisi anauliza kwa sababu anaona gari limeinama upande."

Levis alicheka, mkono mdomoni, akaondoka. Ajwang akabaki na sahani. Mtu anayeacha chakula cha mama yake, alijiambia, analishwa na mwingine. Na anayelishwa na mwingine hujui amewekewa nini.

Mwezi uliofuata, alama tena. Mkunjo uleule. Safari hii Ajwang alimwonyesha Barasa, kwa kuwa Barasa, mbali na kushika kikombe, alikuwa wa ukoo wa marehemu mumewe, shemeji yake.

"Shemeji," Barasa alisema akikishika kitambaa kwa ncha za vidole, "wewe ulizaliwa uwe mpelelezi, shetani akakudanganya uuze vitunguu."

"Usinichekeshe. Hii ni damu. Damu ya mdomoni inatoka wapi kama mtu ni mzima? Kinga ya mwili ikiisha ndipo mdomo unaoza. Tumezika watu, tunajua."

Barasa akaacha kucheka. Alifungua mdomo kuongea, na meno yake yote yakaonekana, yamepangwa kama mahindi ya mbegu, yana utando wa njano unaoweza kupandwa sukuma. Barasa hakupiga mswaki. Alisema mswaki ni mambo ya watu wa ofisi.

"Unataka kusema msichana ana ugonjwa ule?"

"Sijasema. Nimeosha kitambaa tu."

Desemba ikafika. Darasa la ushonaji likafungwa, Sylviane akarudi Kakuma kwa mama yake. Mezani pa Bwana mwezi huo Ajwang aliimba kwa sauti kuliko kawaida, na baada ya ibada alikimbia nyuma ya kanisa na kitambaa kifuani. Akakikunjua, akakiinua juani. Kulikuwa na madoa ya divai, basi. Hakuna kahawia mahali popote.

"Amina," alisema. Maana alikuwa ameomba ishara, na hii hapa ishara.

Hakujiuliza nani mwingine hakuwepo. Levis alikuwa Lokori wiki hiyo, ameitwa kutengeneza jenereta ya mfanyabiashara. Lakini mtu akishapata alichokuwa anakitafuta, hatafuti tena.

Wazee wa ukoo walikuwa wamepanga kwenda Kakuma kumposa msichana kabla ya pilikapilika za uchaguzi. Ajwang aliona hakuna muda wa kungoja. Bila kumwambia Levis, alifunga kitambaa kichwani, akabeba Biblia yake na vitunguu vya zawadi, maana hata ukienda kuvunja neno huendi mikono mitupu, akasafiri hadi Kakuma.

Nyumba ya Caritas, mama yake Sylviane, ilikuwa upande wa Wakongo, ya matofali ya udongo, bati limeshikiliwa na mawe. Caritas alikuwa mnene, mwenye sauti, na alipika maandazi ambayo nusu ya mtaa ule ilikula kabla jua halijawa kali. Alimpokea Ajwang kwa mikono miwili.

"Mama Levis! Karibu, karibu. Kaa."

"Nimekuja na neno moja tu, mama."

"Hata neno moja inaweza kukaa kwa kiti."

Ajwang akakaa. Chai ililetwa, hakuigusa. Ng'ambo ya uzio wa miiba, jirani yao Nyandeng, mama wa Kisudani mrefu kama mlingoti, aliacha kupepeta mtama ili asikie vizuri.

"Wazee wetu wanataka kuja," Ajwang alisema. "Mimi sijakataa. Lakini kabla hawajaja, nataka msichana apimwe."

"Apimwe nini?"

"Unajua nini."

Caritas aliweka chini kijiko alichokuwa ameshika. Akakisogeza, akakinyoosha sawa na ukingo wa meza, kama vile kazi hiyo ndiyo ilikuwa muhimu kuliko zote.

"Weye umeona nini kwa mutoto yangu?"

"Damu. Kwenye kikombe cha Bwana. Miezi miwili alipokuwepo. Alipoondoka, hakuna."

"Na mutoto yako? Ye pia atapimwa?"

"Wangu namjua."

"Unamujua." Caritas alitikisa kichwa polepole. "Basi niambie kitu, mama unayejua. Levis akikuya hapa anakula sombe ya majani ya muhogo na bugali ya kulainika. Nyama anawachia batoto. Mahindi ya kuchoma anapukusa na vidole kama muzee. Mi nilisema, labda njo heshima ya kwenu."

Ajwang akalisikia neno moja tu katika hayo yote. Anakula. "Kwa hiyo ni kweli anakula kwako," alisema.

Nyandeng akacheka ng'ambo ya uzio, kicheko kifupi cha puani. Wakati huohuo Sylviane akatokea mlangoni. Alikuwa amesikia. Hakulia, na hilo Ajwang aliliandika moyoni: mtu asiye na hatia angelia.

"Mama," Sylviane alisema, "mimi nitaenda kupima, sina neno. Lakini kwanza muulize Levis."

"Nimuulize nini?"

"Muulize tu."

"Unaona?" Ajwang akamgeukia Caritas. "Anamsukumia mwanangu."

Caritas akasimama. Sauti yake ilishuka, nayo ilitisha zaidi ikiwa chini. "Tulitoka Uvira na nguo tulikuwa tumevaa. Tulipimwa njiani, tukapimwa mpakani, tukapimwa hapa. Kila mutu anayeandika jina letu anataka damu kwanza. Sitapimisha mutoto yangu kwa sababu ya kitambaa. Ambia wazee wenu wasikuye."

Vitunguu vilirudi Lodwar.

Levis alipopata habari, hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomshangaza mama yake. Alikaa kwenye kitanda chake akiutazama ukuta, akasema, "Mathe, umefanya nini," bila hata kuuliza. Kisha akanyamaza wiki nzima, na nyingine. Ajwang alihesabu ukimya huo kuwa uchawi unaomtoka.

Januari kasisi hakufika. Ibada ya Februari ikafika. Sylviane hakuwepo, darasa lilifunguliwa na hakurudi. Levis alikuja kwa sababu mama yake alisimama mlangoni hadi akavaa viatu. Alipiga magoti palepale pake, mwanzo wa wanaume, pembeni yake pengo lililoachwa wazi. Kikombe kikapita.

Nyuma ya kanisa Ajwang alikikunjua kitambaa bila haraka, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba anayojua ni tupu.

Mkunjo wa katikati. Kahawia, na pembeni yake wekundu ambao haujakauka.

Alikaa kwenye jiwe. Jambo la kwanza alilofanya, na hilo ni la kibinadamu, lilikuwa kutafuta mwingine. Mwalimu wa kike aliyepiga magoti kabla ya pengo? Huyo hunywa hadi kikombe kinasikika, na mwenye kidonda mdomoni hanywi hivyo. Mzee wa pili wa wanaume? Huyo hana meno kabisa. Alizunguka mstari mzima, akarudi palepale, akazunguka tena. Kila alipofika kwa mwanawe aliruka, kama mtu anayeruka mwiba anaoujua.

Jioni Levis alipokuwa gereji, Ajwang aliingia chumbani mwake. Tangu awe mtu mzima kijana huyu alijifulia, na mama alijivunia jambo hilo mbele ya wenzake: mwanangu hanipi kazi. Sasa alichukua foronya ya mto, akaigeuza ndani nje. Upande wa ndani ulikuwa na madoa juu ya madoa, ya zamani yamefifia, mapya yana ukungu wa mate. Yote yalikuwa yamefuliwa kwa maji ya moto na mtu asiyejua kufua damu.

Levis aliporudi aliikuta foronya mezani, mahali pa sahani.

"Tangu lini?" mama yake aliuliza.

Kijana alitoa mkono mdomoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Tangu mwaka jana mwanzoni. Nikipiga mswaki, damu. Nikaona mswaki ndio unaniumiza, nikaacha. Ikazidi. Meno ya mbele yanacheza. Yananuka, mathe. Sylviane aliniambia niende hospitali, kila siku ananiambia."

"Na hukwenda."

"Nilienda kupima ile kitu kwanza. Mara mbili. Sina. Sasa kama si hiyo ni nini? Nikajua ni ile ya baba. Uncle Barasa aliniambia baba alirogwa meno."

Ajwang aliikunja foronya, madoa ndani.

Elijah Wekesa, mumewe, alianza kupoteza meno kabla hawajamaliza mwaka wa tatu wa ndoa. Walikuwa wakiishi kwao Elijah, Bungoma, na Ajwang alikuwa bibi arusi Mjaluo katikati ya Wabukusu, hajajua hata kusalimia vizuri. Meno yakalegea moja moja, mazima, meupe, yakatoka kama mbegu za tikiti. Mama mkwe akasema: nani anampikia? Huyu mgeni amemwekea kitu. Sufuria za Ajwang zilimwagwa uani mbele ya majirani. Ndipo Elijah, dereva wa serikali, akaomba uhamisho, apelekwe mbali kokote, wakampa gari la idara ya maji huku Turkana, wakaja, na ajali ya barabarani ikamchukua akiwa bado kijana. Hakuna siku Ajwang aliyomsamehe mama mkwe yule kwa ukamilifu, ingawa alimtaja kila Jumapili katika sala.

"Vaa viatu," alimwambia Levis kesho yake asubuhi.

Daktari wa meno aliitwa Ekuru, kijana wa hapohapo Turkana, na Ajwang hakumpenda alipomwona tu. Alikuwa mdogo mno, na alikuwa na furaha mno kwa mtu anayetazama midomo ya watu siku nzima.

"Ejok, mama," alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Mwanangu si mchafu," Ajwang alisema kabla ya kuulizwa. Barasa, aliyewasindikiza ili asikose habari, akaketi kwenye benchi.

Daktari alimlaza Levis, akapitisha kichuma chembamba kati ya fizi na jino, na kichuma kikazama mahali ambapo hakikupaswa kuzama. Damu ikafuata. Akakandamiza fizi, ukatoka usaha. Akapima sukari, akapima damu tena, akapiga picha, akaishika mbele ya dirisha. Hata Ajwang aliona: mfupa uliopaswa kufika shingoni mwa jino ulikuwa umeshuka kama kingo za mto mkavu mafuriko yakishakula udongo.

"Sukari iko sawa," Ekuru alisema. "Ile nyingine hana. Ni ugonjwa wa fizi, ule mkali unaoshika vijana."

"Kinga yake imeisha?"

"Hapana, mama. Kinga ikiwa chini fizi huumia pia, ndiyo maana nimepima. Lakini huyu kinga yake imezidi ukali."

Ajwang alimtazama kwa jicho la sokoni, lile la kumtazamia mtu anayesema nyanya hizi zimechumwa leo. "Kinga inazidije ukali? Kinga ni kinga."

Ekuru akavuta kiti. "Umewahi kulala Lokori, mama? Fisi anapita nje ya boma usiku. Kama askari wa akiba wametulia, wanapiga risasi moja, fisi anaenda, watu wanalala. Lakini kuna boma lenye askari wa hasira. Fisi ni mmoja, wao wanafyatua mpaka alfajiri. Asubuhi unatoka: fisi alishaenda zamani, mbuzi wamelala chini, ua umeanguka. Nani ameua mbuzi?"

"Askari," Barasa akajibu kutoka benchi.

"Basi. Uchafu unaoshika kwenye meno ndio fisi. Kila mtu anao. Mwili unatuma askari wake, wanapita kwenye damu, ndiyo maana fizi inavimba na kutoka damu. Wa Levis wanakuja wengi na hawajui kuacha. Wakishamaliza fisi wanakula fizi, wanakula mfupa unaoshikilia jino. Huo usaha ni maiti za askari wenyewe. Na alipoacha kupiga mswaki alifungulia fisi mlango, askari wakazidi wazimu."

Ajwang akanyoosha kidole kwa shemeji yake. "Na huyu? Huyu mswaki hajaugusa tangu Moi aondoke. Mbona meno yake yote yapo?"

"Fungua, mzee." Ekuru akachungulia, akashtuka kidogo, akafunga. "Fisi wako hapa ni kundi zima. Lakini askari wako naona wanapenda usingizi. Usijivunie, ipo siku wataamka."

Barasa akafunga mdomo haraka.

"Inaambukiza?" Ajwang aliuliza. "Kwa kikombe?"

"Vijidudu hupita kwa mate kila siku, mama, hata kwa kijiko. Hasira ya askari haipiti kwa kikombe. Hiyo mara nyingi hupita kwa ukoo." Akamgeukia Levis, kisha akarudi kwa mama. "Baba yake alikuwa na meno?"

Levis ndiye aliyejibu, akiwa bado amelala, macho darini: yalimtoka mapema, moja moja. Ekuru akaeleza yaliyobaki: atakwanguliwa hadi chini ya fizi, atapewa dawa, atafundishwa kupiga mswaki hata damu ikitoka, na atarudi kila baada ya miezi michache maisha yake yote. Jino moja au mawili huenda yasipone. Mengine yatashika.

Nje, juani, Barasa akamshika shemeji yake mkono.

"Shemeji, ukienda Kakuma kuomba msamaha, sema ilikuwa uchafu. Kijana aliacha mswaki, basi. Neno la ukoo liache hapahapa. Ukishasema ukoo, nani atatupa binti? Hata watoto wangu watakataliwa."

"Daktari amesema ukoo."

"Daktari hatamwoza mtu."

Ajwang alilibeba neno hilo nyumbani, na lilikuwa neno tamu. Sema uchafu. Si uongo hata, uchafu ulikuwepo. Alilitafuna usiku kwenye sala na asubuhi akifunga vitunguu. Angeweza kulisema akiwa amemtazama Caritas machoni, kwa sababu muuza mboga hujifunza kusema nusu ya jambo bila kupepesa. Lakini kila alipolipanga mdomoni aliona sufuria zake zikimwagwa uani, na mama mkwe amesimama hana shaka hata kidogo.

Caritas safari hii hakumwambia aketi. Alikuwa akikanda unga, akaendelea kukanda.

"Nimekuja na makosa yangu," Ajwang alisema, amesimama. "Damu ilikuwa ya Levis."

"Tulijua."

"Mlijua?"

"Sylviane alijua. Mi nilijua siku ile baada umetoka. Alikataa kuniambia mbele." Unga uligongwa mezani. "Ni nini iko naye?"

Hapo ndipo neno tamu lilipopanda kooni. Ajwang alilimeza. Alieleza fisi, akaeleza askari na boma, akaona uso wa Caritas unalegea kwa huruma, na angeweza kukomea hapo. Akaendelea. "Ni ya ukoo. Baba yake alikuwa nayo, meno yalimtoka kama mbegu. Walisema nilimroga mimi. Hakuna aliyemroga. Watoto wao wanaweza kuipata. Si lazima, lakini wanaweza."

Mikono ya Caritas ilisimama ndani ya unga. Ng'ambo ya uzio mtama wa Nyandeng nao ukanyamaza. Ajwang alimwona Caritas akimtazama, na akautambua mtazamo huo. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe miezi yote ile.

"Kwa hiyo wajukuu zangu," Caritas alisema, "watamwaga meno kama mbegu."

"Wakitazamwa mapema, daktari anasema hapana."

"Daktari yako." Caritas akajifuta mikono. "Mutoto iko na baba na mama. Ya baba umesema. Ya upande wako nitajuaje? Fungua kinywa."

"Nini?"

"Fungua."

Nyandeng alikuwa tayari amepanda juu ya kitu, kichwa na mabega yako juu ya miiba. Watoto wa maandazi wakasogea. Ajwang, mwanachama wa umoja wa akina mama, mfuaji wa vitambaa vya Bwana, alivuta pumzi, akafungua mdomo. Caritas akamshika kidevu kwa vidole vyenye unga, akamgeuzia juani, akavuta mdomo wa chini kwa kidole gumba kama anayenunua mbuzi, akasukuma jino hili, akasukuma lile. Hakuharakisha. Nyandeng alisema kitu kwa lugha yake, na mtu akacheka.

"Hizi ni nzima," Caritas alisema mwishowe, akimwachia. "Aibu, meno mazuri hivi kusema maneno mabaya vile."

"Nimestahili."

"Njo, umestahili." Akarudi kwa unga wake. "Sitajibu leo. Si mi niko naolewa. Levis akuye mwenyewe, aseme na kinywa yake. Nimechoka kuongea na batu wasiokuwa wagonjwa."

Sylviane alimsindikiza hadi barabarani. Walitembea, vumbi likiwafunika kila pikipiki ilipopita.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" Ajwang aliuliza. "Nilikutukana, ukakaa kimya."

"Haikuwa siri yangu, mama."

"Na sasa? Akija utamkubali?"

Msichana alifikiri. "Meno hayanisumbui. Fizi hazinisumbui. Lakini alijua ulikuja kunitukana, akarudi kanisani akanyamaza mpaka ulipoona kitambaa. Hilo ndilo nitamuuliza."

Ajwang alimtazama usoni, kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitu kabla ya kukitia majini. Hakuona chochote cha kumsaidia kujua jibu. Msichana huyu anaweza kukubali, anaweza kukataa, na kwa vyovyote atakuwa na haki.

"Muulize kwa ukali," alisema. "Mimi nitamleta."

Pikipiki ikasimama. Ajwang akapanda, Biblia kifuani, taya zikimuuma, unga wa Caritas bado kidevuni, na hakuufuta.